Runinga wanataka kurekodi jiko langu: nikubali, au nitaigwa?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Dodoma. Huu ni mwaka wa tatu natengeneza pilipili ya chupa kwa unga wa ubuyu badala ya siki. Natoa kama chupa 600 kwa mwezi nikisaidiwa na wasichana wawili. Chupa inanigharimu karibu shilingi 2,000, dukani inauzwa 3,500. Lebo imeandikwa "Pilipili ya Ubuyu" na jina la biashara nimeshasajili BRELA, ile ofisi ya serikali ya usajili wa biashara. Wiki iliyopita mtayarishaji wa kipindi cha runinga kutoka Dar es Salaam alinipigia. Wanataka kuja nyumbani kunirekodi hatua kwa hatua, tangu kupasua ubuyu mpaka kufunga chupa, na hawataki hela yoyote. Binti yangu anasema hiyo ni bahati isiyorudi. Mume wangu anasema nikionyesha tu, mwezi ujao mji mzima utakuwa unauza pilipili ya ubuyu na wenye mitaji watanimeza. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, jibu fupi ni hili: kubali kipindi, ila si wiki hii, na kamera isiingie jikoni wakati unachanganya. Maelezo yaliyobaki ni marefu kidogo. Swali kama lako nimeulizwa kwa sura nyingi katika miaka ninayofanya kazi na wasindikaji wadogo, na mara nyingi naona watu wanaulinda mlango mmoja huku hatari inaingilia mwingine.

Tuanze na hiyo siri yenyewe. Chukua chupa yako moja uisome kama mtu asiyekujua. Kama lebo inafuata utaratibu wa Shirika la Viwango, TBS, viambato vyote vimeandikwa pale, kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye shilingi 3,500 tayari anajua unaweka nini. Na kwamba ni ubuyu, umelitangaza wewe mwenyewe kwa herufi kubwa mbele ya chupa.

Asichokijua ni kile kilichokutoa jasho. Unga wa ubuyu ukikutana ghafla na maji ya moto unafanya madonge. Una pektini nyingi, ile inayofanya jemu ishike, kwa hiyo ukizidisha, pilipili inakuwa uji usiotoka chupani, na ukipunguza mno, maji yanapanda juu na nyama ya pilipili inazama. Kubwa zaidi ni kuhifadhi. Siki uliyoiacha ilikuwa na kazi mbili, kutia ukali na kulinda. Ubuyu una tindikali yake, lakini kiasi chake hakilingani kati ya mzigo wa leo na wa mwezi ujao, na mchuzi wa chupa ukivuka pH 4.6 (kipimo cha tindikali: namba ikipanda, tindikali imepungua) unaingia eneo ambalo vijidudu vinavyotengeneza sumu vinaweza kustawi ndani ya chupa iliyofungwa. Umemwaga masufuria mangapi mpaka ukajua mkono wako? Mwigaji aliyeona dakika sita za runinga ataanzia pale ulipoanzia wewe. Chupa zake za kwanza zitachacha, zitajaa gesi, na vifuniko vitafyatuka dukani kwa mangi.

Siri unayo, basi, lakini ni ndogo kuliko mnavyoiona hapo nyumbani na inaenea kwenye daftari moja: vipimo kwa gramu, mpangilio wa kuweka vitu, moto kiasi gani na kwa dakika ngapi, na unga unanunua kwa nani, kijiji gani. Hivyo vinne visionekane kwenye kamera. Vingine vyote viache vionekane, tena kwa fahari.

Nikueleze watu wawili niliowahi kufanya nao kazi, maana walinibadilisha mawazo.

Wa kwanza ni mama wa Morogoro aliyekuwa anasaga siagi ya karanga. Alikataa gazeti, alikataa redio, hata maonyesho ya Nane Nane alipeleka makopo yaliyofungwa tu, hakutaka mtu aone mashine. Mwaka uliofuata likatokea kopo linalofanana na lake mpaka kivuli cha maandishi. Tulipofuatilia, tukakuta njia mbili. Aliyemchapia lebo alikuwa amebaki na mchoro kwenye kompyuta yake, akamuuzia mteja mwingine baada ya kubadili rangi ya kifuniko. Na kijana aliyekuwa anakaanga karanga aliondoka akidai mshahara wa mwezi na nusu, akaenda kukaanga kwa huyo huyo mpya. Hakuna kamera iliyokuwa imekanyaga pale. Tangu hapo, mtu akiniambia anaogopa kuigwa, kwanza namuuliza nani amemchapia lebo, na mfanyakazi aliyeondoka mwisho aliondoka vipi.

Wa pili ni kijana wa Iringa, alikuwa anakaanga ndizi za pakiti. Redio ikamhoji Ijumaa asubuhi, mahojiano mazuri kabisa, akaeleza mpaka aina ya ndizi. Kufikia Jumapili simu yake ilikuwa haipoi. Ndani alikuwa na pakiti 80. Hela ya kununua mikungu mingine ilikuwa imelala madukani kwenye mali kauli, mzigo waliochukua kwa ahadi ya kulipa baadaye, na mifuko ya kufungia ilibidi aagize Dar es Salaam. Zikapita wiki tatu. Mama mmoja mtaa wa pili, ambaye alikuwa anakaanga mihogo na hata hayo mahojiano hakuyasikia, akaulizwa na mwenye duka: "Wewe huwezi kunitengenezea zile za ndizi? Watu wananisumbua kila siku." Akaweza. Yule kijana aliporudi na mzigo alikuta nafasi yake kwenye shelfu imeshakaliwa, na mwenye duka hakuwa na sababu ya kumfukuza mtu aliyemwokoa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwigaji mara nyingi haitwi na runinga, anaitwa na shelfu tupu. Kipindi kinaamsha hamu kwa watu elfu kadhaa kwa siku moja. Hamu hiyo haitakusubiri wewe. Itatulizwa na yeyote mwenye chupa siku hiyo. Ukiwa na mzigo, kila anayeulizia anakutana na wewe. Usipokuwa nao, umemlipia mwenzio tangazo, na wenye maduka ndio watakaokwenda kumtafuta huyo mwenzio na kumpa wazo.

Kwa hiyo weka hesabu kabla ya tarehe. Chupa 600 kwa mwezi ni kama 150 kwa wiki, na zote zina wenyewe. Tuseme baada ya kipindi zikaombwa 1,500 ndani ya siku kumi na nne. Kwa gharama yako ya 2,000, hizo ni shilingi milioni 3 zinazotakiwa kutoka mfukoni kabla hujaona hata mia, na maduka mapya yatataka uwaachie mali kauli, walipe mwezi ukiisha. Sidhani kama fedha hiyo ipo, na sitaki uikope kwa riba ya wale wa mikopo ya haraka kwa ajili ya kipindi kimoja. Ongeza msaidizi wa tatu, panda kutoka 600 mpaka 900, na zile 300 za ziada usiziuze. Kwa miezi miwili na nusu utakuwa na akiba ya chupa 750, ambayo ni shilingi milioni 1 na nusu iliyoingia kidogo kidogo. Hii inawezekana tu kama pilipili yako inakaa miezi sita bila kubadilika. Kama huna uhakika, basi umeshapata swali la kwanza la kujibu kabla ya runinga. Chupa tupu, vifuniko na lebo nunua vya kutosha chupa 1,500 kabisa, kwa sababu hivyo haviozi na ndivyo vilivyomkwamisha yule kijana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Chupa yako haina jina.

"Pilipili ya Ubuyu" ni maelezo ya kilichomo. Ukitoka runingani ukasema mara kumi "pilipili ya ubuyu", mtazamaji atakwenda dukani kuulizia pilipili ya ubuyu, na mwenye duka atampa yoyote aliyonayo. Utakuwa umefungua soko zima kwa jasho lako na kulikabidhi kwa umma. Ona yaliyompata Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akawafundisha ndugu na vijana waliomzunguka. Alifariki mwaka 1972. Leo neno tingatinga linajulikana duniani, lakini limekuwa jina la mtindo, na yeyote anayechora twiga kwa rangi hizo anauza "tingatinga". Kwa sanaa yetu ile ilikuwa baraka kubwa, na nafurahi kila nikipita pale Oysterbay nikiona wachoraji wanavyoishi kwa brashi. Kwa familia moja yenye jiko moja, jina kuwa la kila mtu ni hasara.

Mfano wa upande wa pili unao kabatini. Fungua kanga za mama yako, tafuta zile zenye maandishi madogo "K.H.E. Mali ya Abdulla". Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara yake Mombasa mwaka 1887. Kanga ni kitu chepesi sana kuiga: maua, pindo, mji na msemo, vyote viko hadharani, mtu anaviona barabarani vinatembea. Hakuwa na namna ya kuficha. Alichofanya ni kuweka alama inayosema hii ni ya nani, na kina mama wakajifunza kuiulizia hiyo alama kwa sababu nguo yake waliiamini. Na wewe umo kwenye biashara ya aina hiyo, ambayo bidhaa yenyewe inajitangaza na kujifichua kwa wakati mmoja.

Tafuta jina, basi. Lisiwe "Pilipili Bora" wala "Ladha ya Dodoma", kwa sababu maneno ya kusifia, ya kueleza bidhaa au ya kutaja mahali inapotoka hukataliwa au hupigwa vita kirahisi. Liwe jina ambalo halina uhusiano na pilipili: la bibi yako, la ndege wa kwenu, neno la Kigogo linalotamkika vizuri na mtu wa Mtwara. Kisha liandike kubwa, na "pilipili ya ubuyu" ishuke chini iwe maelezo.

Umesema jina la biashara umeshasajili BRELA. Hongera, lakini hapo watu wengi sana wanachanganya, na nimeona wakilia kwa kuchanganya. Jina la biashara linaeleza tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Halikupi haki ya kumzuia mwingine kubandika neno hilo kwenye chupa yake. Kinachokupa haki hiyo ni alama ya biashara, na ingawa inasajiliwa BRELA hapo hapo na kwa mtandao ule ule, ni ombi jingine kabisa. Kwanza unatafuta kama jina au nembo hiyo haina mwenyewe. Kisha unaomba kwa kundi la bidhaa yako. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika makundi 45, na sosi na viungo viko kundi la 30, wakati achari za mboga ziko la 29. Ukifikiria kuja kufanya achari, lipia yote mawili. Ombi likikubaliwa linatangazwa, na watu wanapewa siku 60 za kupinga. Baada ya hapo unapata cheti kinachodumu miaka 7 ya kwanza, halafu unahuisha kila miaka 10. Jambo la kushika ni kwamba haki yako inahesabiwa tangu siku ulipoomba. Kwa hiyo huhitaji kusubiri cheti ili uende runingani, ila ombi liwe limeshaingia. Kuna watu kazi yao ni kuangalia nini kinapanda na kukimbilia kukisajili wao kwanza.

Alama hiyo inafanya kazi Tanzania Bara tu. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na Kenya ina yake. Ukianza kuvuka bahari au mpaka, unaomba upya. Na inahusu kundi uliloombea tu. Watu walishtuka sana waliposikia Disney wamesajili "Hakuna Matata" Marekani, wakadhani tumenyang'anywa lugha, kumbe usajili ule ulihusu fulana katika nchi ile. Simaanishi kwamba waliokasirika walikosea kukasirika, neno ni letu. Nakuonyesha tu mipaka ya karatasi yenyewe, ili nawe usidhani cheti chako kitakulinda kila mahali.

Siku mtu akibandika jina lako kwenye chupa yake, ukiwa na cheti mkononi unakwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia, na wana uwezo wa kuzikamata. Bila cheti utabaki kubishana na mwenye duka. Lakini mtu akitengeneza pilipili yake mwenyewe ya ubuyu na kuiita jina lake, hakuna ofisi itakayomzuia, wala haifai imzuie. Huyo utashindana naye kwa ladha na kwa kufika dukani kila wiki.

Kuhusu siku ya kurekodi. Watu wa runinga hawana ubaya na wewe. Wanataka picha zinazotembea, wanataka mikono inayofanya kazi, na ndiyo maana wanasema "hatua kwa hatua". Ukiwanyima bila kuwapa kingine watakasirika au wataondoka. Wape kingine kilicho kizuri zaidi. Wapeleke mbuyuni, huko Kongwa au Mpwapwa, wapige mti na kina mama wanaopasua maganda. Hakuna jiko litakaloshinda picha hiyo. (Usiwapeleke kwa muuzaji wako mkuu, wapeleke kwenye mbuyu mwingine.) Halafu pika mbele yao kwa kutumia pilipili yako: mishkaki, mihogo ya kukaanga, samaki wa Mtera. Wanaposema mapishi, wewe fundisha kupika na chupa, badala ya kupika kilichomo chupani. Mtazamaji atakayetaka kujaribu jioni ile atahitaji kuinunua kwanza.

Mtangazaji akikuuliza vipimo, usidanganye. Ukitaja vipimo vya uongo halafu mtu akajaribu akaumwa tumbo, jina litakaloharibika ni lako. Mwambie tu, "Hapo ndipo penye mkono wangu," utabasamu, uendelee. Wamezoea. Lakini makubaliano yafanye kabla hawajawasha kamera, tena kwa ujumbe wa maandishi ambao utaweza kuuonyesha baadaye: chumba gani hakirekodiwi, jina la bidhaa litatamkwa na kuonekana, namba ya simu itawekwa kwenye kioo, kitarushwa lini, na utapewa nakala yako. Hiyo nakala ni mali. Kipindi kinapita jioni moja, kipande chako kwenye WhatsApp kitakufanyia kazi mwaka mzima kwa kila mwenye duka unayemwendea. Na kama wakati wowote "bure" ikageuka kuwa nauli ya wapiga picha au gharama ya kuhariri, basi si habari tena bali tangazo. Pima kama unavyopima tangazo, na mimi kwa kiwango chako ningekataa.

Namba ya simu iwe ya biashara, si hii unayompigia mwalimu wa mtoto. Ishike binti yako, mwenye imani na jambo hili. Kila anayepiga na hakuna mzigo, aandikwe jina, mahali na idadi, aambiwe tarehe ya kweli. Wa mikoani wanunue kuanzia katoni ya chupa 12, kwa sababu kutuma chupa mbili za kioo kwenye basi hadi Mbeya kutakumalizia faida yote na moja itafika imevunjika.

Kuna wengine pia watakaokuwa wanaangalia, nao ni maafisa. Chakula kinachouzwa kwa umma kinahitaji kupita TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosajili pia vyakula na majengo ya kutengenezea, kazi iliyokuwa ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Hukuniambia kama una cheti chao. Kama huna, usikanyage runingani. Ungekuwa unawaita mwenyewe. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, omba barua ya utambulisho, maana mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo anapata nafuu kubwa ya gharama za alama ya ubora. Na hapo hapo utakuwa umepata kipimo cha pH nilichokutajia. Usilione jambo hili kuwa usumbufu. Siku waigaji watakapotokea na chupa zinazofyatuka, alama ya TBS itakuwa ndiyo inayomtofautisha mtu aliyekaa akajifunza na mtu aliyekurupuka.

Wale wasichana wawili wanajua zaidi kuliko kamera itakavyowahi kujua, na kipindi kikirushwa kuna watu watawatafuta. Fanya wanavyofanya wenye viwanda vidogo makini: usiku, peke yako, pima mchanganyiko wa viungo na ubuyu kwa kila sufuria, ufunge kwenye mfuko, uuandike namba. Asubuhi wao wanachukua mfuko namba tatu, wanapika. Wanajua kazi vizuri bila kujua uwiano. Lakini usijifariji kwamba mfuko unatosha. Walipe kwa wakati, na mauzo yakipanda nao waone yamepanda. Mama wa Morogoro angelipa ule mwezi na nusu, angekuwa bado na yule kijana. Mchapaji wa lebo naye mwambie akupe faili la mchoro, na mwandikishiane kwamba mchoro ni wako.

Mume wako umpelekee jibu hili alisome, kwa sababu hofu yake haina upuuzi ndani yake. Mwenye kiwanda akiamua kutengeneza pilipili ya ubuyu, ataweza, na atauza kwa bei ambayo wewe huifikii. Ninachomwambia ni kwamba huyo huwezi kumzuia kwa kujificha. Mwenye kiwanda hashughuliki na bidhaa ya chupa 600 kwa mwezi. Akija, atakuja baada ya kuona inanunuliwa kwa wingi, na wakati huo itakuwa imeshajulikana kwa vyovyote, la sivyo usingekuwa unauza. Swali ni atakukuta na nini. Akikukuta una jina lililosajiliwa, maduka 40 yanayolipa, na watu wa Dodoma wanaosema "hapana, mimi nataka ile ya yule mama", una kitu cha kutetea, au hata cha kumuuzia. Akikukuta na siri tu, atamlipa mkemia wa chakula wiki mbili.

Kuna hali moja ambayo ningemuunga mkono mumeo moja kwa moja. Kama kuna kifaa mlichobuni, labda fundi wa SIDO alikutengenezea mashine ya kutenganisha unga na mbegu ambayo hujaiona kwingine, hicho kisionekane hata kwa sekunde moja. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasitumie ubunifu wake, hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni wewe. Kifunike turubai, au kitolewe chumbani kabisa, na uende BRELA kuulizia hataza kabla ya kukionyesha kwa mtu yeyote asiye wa nyumbani.

Sasa mpigie yule mtayarishaji, usimwache asubiri mpaka akatafuta mwingine. Mwambie umefurahi na umekubali, ila ubuyu mzuri wa kupiga picha na bidhaa yenye lebo mpya vitakuwa tayari baada ya wiki kumi, na kwamba utawapeleka mbuyuni na kuwapikia. Akisema kipindi hakiwezi kusubiri, muulize kama anaweza kurekodi sasa na kurusha baadaye. Akikataa na hilo, mshukuru, chukua namba yake, na umtafute siku mzigo ukiwa tayari. Wiki hii kaa na binti yako mchague majina matatu, mniandikie kabla hamjalipia chochote.